Mbegu Mbili za Ndeshi

Jino la mbele la Ndeshi lilikuwa limekwisha kulegea siku mshauri wa meno alipofika nyumbani kwa Mwalimu Anaeli Kaaya, na kila mtu pale sebuleni alijitahidi asilitazame. Mtoto mwenyewe alikaa kwenye kigoda miguuni pa mama yake, akilisukuma kwa ncha ya ulimi, mbele na nyuma, kama mtu anayejaribu mlango asijue kama umefungwa. Jino lililo kando ya hilo, nalo la chini, lilikuwa limeanza kucheza.

Mshauri aliitwa Lomayani. Alikuwa kijana mtaratibu, mwenye shati lililonyooshwa vizuri, na baada ya kumwamkia Mwalimu kwa heshima zote aliomba ruhusa ya kupima maji ya kunywa. Akatumbukiza kijiti ndani ya bilauri. Kijiti kikageuka rangi ya majani ya chai yaliyolala, kikaendelea kukolea mpaka kikawa cheusi. Lomayani alikifuta, akakirudisha mfukoni, kwani hakukuwa na jipya la kuwaambia watu wa kata ya Maji ya Chai. Enzi za mababu zao, floridi ya maji ya mlimani ilipaka meno rangi ya kahawia tu. Watu waliishi nayo, wakacheka nayo, wakazikwa nayo. Kisha chemchemi zikakauka, kata nzima ikaunganishwa na kisima kirefu, na maji ya kina yakawa jambo jingine. Yalilegeza meno ya watu wazima yangali mazima. Kwa watoto waliozaliwa baada ya kisima yalifanya baya zaidi: meno ya utoto yaliota kama kawaida, lakini chini yake, ndani ya ufizi, hapakuwa na kitu kilichokuwa kikisubiri zamu.

Lomayani aliweka mezani kioo chake cha kutoa picha, na taya la Ndeshi likaelea hewani juu ya kitambaa cha meza, jeupe, dogo kuliko kiganja. Aliligeuza ili waone upande wa chini. Palikuwa patupu.

"Haya mawili ndiyo mbegu," alisema, akiyaonyesha kwa kalamu. "Hayo mengine yatakapokuja kudondoka yatakuwa yamekwisha kufa ndani."

Akaeleza, naye Mwalimu akasikiliza kwa umakini uleule aliokuwa akiwadai wanafunzi wake. Ndani ya kila jino la utoto linalodondoka likiwa bichi mna uzi mwembamba ulio hai. Uzi huo ukipelekwa kwenye kitalu cha meno kule Usa, hukuzwa mpaka ukatoa vichipukizi vya meno ya kinywa kizima, meno yanayoshika mfupa na kuuimarisha; si kama yale ya bandia ambayo huteleza kwenye taya lililoliwa na maji na kuacha vidonda. Mbegu moja, kinywa kimoja. Inaweza kuota kwa mtoto mwenyewe, au kwa mzazi wake, au hata kwa babu, mradi damu ni moja. Lakini mbegu nyingi hufia kitaluni, na ndiyo maana, alisema Lomayani, Mungu amempa kila mtoto mbili. Mwalimu, ambaye hakupenda watu wamsemee Mungu, alikohoa.

Ikabaki kuchagua mpango wa kulipia. Kulikuwa na Mpango wa Kinywa, ambao ungezilinda mbegu zote mbili kwa jina la Ndeshi peke yake mpaka taya lake likomae. Huo ungemeza karibu kila kilichobaki baada ya chakula, na usingempa mama yake chochote. Kulikuwa na Mpango wa Kaya, ulio ndani ya uwezo wao, ambao uliziweka mbegu katika hazina ya nyumba nzima: moja ingepandwa kwa mama mwaka huuhuu, nyingine ingemsubiri mtoto, na kama hiyo ya kusubiri ingekufa, basi. Kulikuwa pia na huduma ya bure, iliyong'oa tu.

Elinipa, binti yake Mwalimu, alikuwa amekaa muda wote huo na leso mdomoni. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, na mjane tangu Ndeshi hajajua kutambaa. Aliitoa leso ili aulize kama mbegu ya mama huota haraka. Mshauri akamjibu kwamba huota ndani ya msimu mmoja.

"Na mtoto huulizwa na nani?" Mwalimu aliuliza.

"Mkuu wa kaya husaini kwa niaba yake, Mwalimu."

"Sikuuliza nani husaini. Nimeuliza nani humuuliza."

Lomayani alimtazama Elinipa, kisha akatazama kalamu yake. Akakiri kwamba fomu haikuwa na nafasi hiyo. Mwalimu akasema kwamba kwa miaka yote aliyokuwa mkuu wa shule hakuwahi kutia sahihi karatasi asiyoiamini, na kwamba hangeanza leo. Atafikiri.

Mshauri hakumbishia. Alisimama mlangoni akawasihi tu wasichelewe kuliko jino. Chupa ya baridi ya kuhifadhia mbegu hukabidhiwa siku ya kusaini, si kabla, kwa sababu chupa hufungwa kwa jina la mwenye mbegu, na jina hutegemea mpango. Kama ajali ingetokea kabla ya hapo, jino lisikauke. Walitie kwenye maziwa mabichi, na kama hakuna maziwa, basi kinywani mwa ndugu wa damu, chini ya ulimi, wakimbie kitaluni. Ng'ombe wa mwisho pale kijijini alikuwa ameuzwa mwaka wa kisima.

*

Elinipa alifundisha darasa la kwanza katika shule ileile ambayo baba yake aliiongoza. Mashine zilikuwa zimechukua hesabu, jiografia na usahihishaji wa mitihani. Lakini ilikwisha kuonekana kwamba mtoto hajifunzi kusoma kwa sauti ya chombo. Alihitaji kuutazama mdomo wa mtu. Kwa hiyo walimu wa kusoma walibaki, na kila muhula mkaguzi alikuja kusikiliza darasa likitamka.

Mchana mmoja wa wiki iliyofuata Mwalimu alikwenda kumchukua Ndeshi, akafika kabla ya kengele, akakaa kwenye benchi chini ya dirisha. Ndani, Elinipa alikuwa akitamka silabi na watoto wakimwitikia. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya kupanda na kushuka, lakini palipohitaji meno ilitoka pumzi tupu. Watoto arobaini wakaitoa pumzi ileile, kwa bidii, kwa utiifu kamili. Mwalimu aliyafumba macho. Alikuwa ametumia ujana wake akiwafundisha watoto wa wakulima kutamka kila herufi kwa ukamilifu wake, na sasa alikuwa akiwasikia wajukuu wao wakijifunza pengo la binti yake.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Ndeshi akitangulia mbele na kijiti chake, akikiburuza kwenye uzio na kuimba. Elinipa alimweleza baba yake kwamba mkaguzi amekwisha kuja. Hakumtukana, alimwambia kwa upole kwamba mwisho wa muhula darasa litapewa mtu mwingine, na yeye atapangiwa kazi ya kuhesabu madawati.

"Sikuombi meno ya urembo, Baba," alisema. "Naomba nibaki kazini. Nikitoka kazini hata huo mpango wako wa kinywa kimoja tutaulipia na nini?"

"Unaniomba nitie mkono mfukoni mwa mtoto akiwa hajui kuhesabu kilichomo."

"Mfuko huo niliushona mimi. Alitoka tumboni mwangu."

"Ndiyo maana ulipaswa kuwa mtu wa mwisho kuuchukua."

Maneno yalipokwisha kumtoka Mwalimu alitamani kuyarudisha, lakini hakuwa mtu wa kurudisha maneno. Elinipa alisimama. Akaifunga leso mdomoni upya, taratibu, akaifunga kwa fundo kisogoni kama mtu anayekwenda kufagia vumbi.

"Mbegu ni mbili," alisema kutoka nyuma ya kitambaa. "Naomba moja."

"Na ile moja ikifa?"

Swali hilo Elinipa mwenyewe alikuwa akilala nalo. Mwalimu akaona ni vizuri alimalize jambo hilo kwa kanuni, kama alivyomaliza mambo yote maishani mwake. Akasema kwa sauti ya darasani, sauti ambayo hata bila meno ilifika mbali, kwamba meno ni ya Ndeshi, Ndeshi ndiye mwenye neno, na hakuna mtu mzima atakayesema neno hilo badala yake.

Mbele yao, kijiti kilikuwa kimeacha kugonga uzio.

Jioni Ndeshi alimfuata babu yake barazani. Alikuwa akiogopa kulimeza jino akiwa anakula. Mwalimu alimtuliza, na kwa kuwa mtoto hakutulia, akamsimulia watu walivyofanya zamani. Yeye alipokuwa na umri wa Ndeshi, bibi yake alimsimamisha uani asubuhi, akamgeuza aipe nyumba mgongo, akamwambia alitupe jino kupitia juu ya bega mpaka paani, aombe jipya, kisha aende zake bila kugeuka nyuma.

"Nani alikuwa akilipokea?"

"Hakuna aliyelipokea. Ilikuwa desturi tu."

Ndeshi alifikiri. "Lakini meno yalikuja?"

Mwalimu Anaeli Kaaya hakuwa amemdanganya mtoto hata mara moja tangu aliposhika chaki. "Yalikuja," alisema.

*

Jumamosi Elinipa alikwenda Arusha mjini kwenye semina, akawaachia ndizi za kuponda na maharage. Mwalimu alikuwa nyuma ya nyumba, ameinama kwenye migomba michache iliyobaki, akikata majani makavu. Akasikia kitu kidogo kikigonga vigae vya umeme wa jua paani, mlio mwepesi kama wa punje ya mahindi. Akadhani ni ndege. Kikagonga kingine.

Alipozunguka nyumba alimkuta Ndeshi akitembea kuelekea lango, mgongo ameipa nyumba, mikono kando, shingo imekaza kwa juhudi ya kutogeuka. Kidevu chake kilikuwa na damu. Jino la kwanza lilikuwa limedondoka lenyewe. La pili alilifunga uzi akalivuta.

"Ndeshi. Umefanya nini?"

Aliendelea kutembea mpaka alipofika langoni, maana hivyo ndivyo alivyoambiwa, ndipo akageuka. Alikuwa anatabasamu na pengo lake jipya.

"Nimemwombea Mama," alisema. "Ulisema mimi ndiye mwenye neno, Babu."

Jua la saa nne lilikwisha kuvipasha moto vigae. Mwalimu hakumgombeza; hakuwa na wakati, na baadaye alipojichunguza alikuta hakuwa pia na haki. Aliivuta ngazi kutoka ghalani, akaiegemeza ukutani, akapanda. Kule juu aligandamiza viganja vyake kwenye vigae vilivyomchoma, akatambaa, akipekua kwa macho yaliyochoka kila ufa, kila kinyesi cha ndege, kila kokoto. Moja lilikuwa limebingirika hadi kwenye mfereji wa maji na kuingia bombani. Alisikia tu kwa mkono jinsi bomba lilivyokuwa refu. Jingine alilikuta limekwama katikati ya vigae viwili. Lilikuwa na vumbi, na joto, na uzi mwekundu wa nyama ulikuwa umeanza kusinyaa.

Hakuwa na chupa. Hakukuwa na chupa kwa sababu yeye alikuwa bado anafikiri.

Alilitia chini ya ulimi.

Gari la kijiji lilikuwa limeegeshwa karibu na ofisi ya kata, lile lisilo na dereva, linaloendeshwa kwa sauti ya abiria. Mwalimu alimpakia mtoto, akakaa, akafunga mlango. Gari likawasalimu na kuwauliza waendako. Mwalimu hakuweza kulijibu. Kinywa chake, ambacho kwa miaka yote hiyo kilikuwa kimetoa amri, sala, shairi na karipio, kilikuwa kimebana mate na kitu kisichozidi punje ya mchele. Akifungua tu, hewa ingeingia. Gari likauliza tena. Akamgusa Ndeshi bega, akamwonyesha kwa kidole upande wa mashariki, barabara ya Usa.

"Kitalu cha meno," Ndeshi alisema. "Utha."

Gari likaomba arudie. Ndeshi akarudia, pengo likampiga chenga vilevile. Gari likapendekeza kwa adabu kituo kingine, cha miche ya mahindi. Mwalimu alihisi mate yakijaa na machozi yakipanda pamoja. Akaushika uso wa mtoto kwa mikono yake iliyoungua, akamwelekeza amtazame, na kwa midomo iliyofungwa akamwonyesha mahali ulimi unapokaa: juu zaidi, nyuma ya mahali meno yalipokuwa, hapo. Ndeshi alimtazama kama wanafunzi wote walivyowahi kumtazama. Akajaribu tena, polepole, na gari likaondoka.

Njia nzima Ndeshi alimwona babu yake kama anayelia, akadhani ni mikono inamuuma, akaipulizia.

*

Daktari wa kitalu alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi. Alilipokea jino kwenye kibakuli, akaingia nalo chumba cha ndani, na Mwalimu akaketi kwenye benchi akiwa na ladha ya damu ya mjukuu wake mdomoni. Hakuitema. Lomayani aliitwa akaja, na baada yake Elinipa, kutoka semina, pumzi juu juu, leso imemwangukia mabegani. Mwalimu akamweleza yote kwa mpangilio, bila kujipunguzia kitu. Ndeshi alikuwa amelala kwenye kiti.

Elinipa alisikiliza mpaka mwisho. Hakumtazama mtoto. Alimtazama baba yake.

"Ungesaini lolote, Baba," alisema. "La kwako au la kwangu. Lolote. Chupa ingekuwa ndani."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa.

Daktari alitoka akifuta mikono. Uzi ulikuwa hai, lakini kwa shida. Mate yalikuwa yameokoa kile jua lilichobakiza. Haungevumilia kugandishwa, achilia mbali kungoja miaka kumi na zaidi. Ungepandwa leo, kwenye taya lililokomaa, au ungekufa kabla ya jua kuzama. Taya la Ndeshi halikuwa limekomaa. Alisema hayo kama unavyosomwa utabiri wa mvua, kisha akauliza ni nani kati ya hao wawili atakayepandwa.

Ilikuwa wazi kwamba ni mama. Hata hivyo Elinipa alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

"Hapana," alisema. "Niliomba moja kati ya mbili. Hii si moja kati ya mbili. Hii ndiyo yake."

"Haitakuwa yake," daktari alisema, kwa upole kidogo. "Saa hiyo imepita."

"Basi iwe ya taka. Sitatafuna kwa meno ya mwanangu naye amekaa mezani ananitazama."

Mwalimu alisimama. Alishika ukingo wa benchi, kwa kuwa alikuwa ametambua anachokwenda kusema, na kilikuwa kinyume cha kila alichosema juma zima. Alitamani kuwe na mtu mzima zaidi yake chumbani humo, mtu wa kumpa jambo hili alibebe. Hakuwapo.

"Elinipa. Mtoto amesema."

"Mtoto ana miaka sita, Baba."

"Najua umri wake."

"Hakujua anachokisema. Wewe mwenyewe ulisema hajui kuhesabu kilichomo."

"Nilisema." Aliachia benchi. "Nilisema pia kwamba yeye ndiye mwenye neno. Nilisema kwa sauti kubwa, na yeye alisikia, akafanya. Tukiitupa hiyo mbegu leo, atakuwa ametoa kila alichokuwa nacho na hakuna aliyekipokea. Siwezi kumrudishia meno, mwanangu. Naweza tu kuhakikisha kwamba hayakupotea."

Elinipa alijifunika uso. Lomayani akatoa ile fomu ya Mpango wa Kaya, akaiweka mezani, akaweka kalamu juu yake.

Mwalimu alivaa miwani. Hakuwa mtu wa kutia sahihi asichokisoma, wala hakuwa mtu wa kukisoma kimoyomoyo kinachowahusu wengine. Alikisoma chote kwa sauti, na pale ilipoandikwa kwamba mtoto aliyetoa mbegu hatakuwa na dai jingine juu ya hazina ya kaya maisha yake yote, sauti ilimkatika. Akarudi mwanzo wa sentensi. Akaisoma tena mpaka mwisho, kwa matamshi yote aliyobakiwa nayo. Kisha akaandika jina lake, kamili, kwa mwandiko wa kulazwa aliofundishwa na walimu wake.

Elinipa aliingia chumba cha ndani bila kumwangalia.

*

Mvua za vuli zilipokuja, chache na za kuchelewa, meno ya Elinipa yalikuwa yamejitokeza. Yalikuwa madogo, yamepangana, meupe kuliko meno yoyote yaliyopata kuota kata ile, kwa kuwa yalikuzwa kwa maji mengine. Aliendelea kujifunga leso kwa wiki nyingi. Alikula peke yake jikoni. Kazini aliifungua, kwa kuwa kazi ndiyo iliyokuwa sababu, na mkaguzi alipokuja kusikiliza, darasa lilitamka kila herufi mahali pake. Alirudishiwa mkataba. Siku hiyo alipofika nyumbani alikaa uani bila kuvua viatu, naye Mwalimu alimletea chai. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wao kukaa pamoja tangu kitaluni. Alipomaliza alimrudishia kikombe kwa mikono miwili, naye akakipokea kwa mikono miwili.

Ndeshi alikuwa amepoteza mengine matatu. Alikuwa amefurahi sana mama yake alipopata meno, akawaambia watoto wote wa mtaa, na wakati mwingine alimtaka mama yake afungue mdomo ili ayahesabu. Elinipa alifungua. Mwalimu alipoliona hilo likianza, alikuwa na kawaida ya kutoka nje.

Ndivyo alivyotoka adhuhuri ile ya Jumapili, baada ya kanisani, akakaa barazani na kofia yake magotini. Baada ya muda Ndeshi alikuja akakaa karibu naye. Aliuliza bila kumtazama, akiwa anachora vumbi kwa kidole cha mguu.

"Babu, ya kwangu yatakuja lini?"

Ndani walisikia Elinipa akipakua chakula. Mwalimu aliitazama njia, migomba, kopo la maji la jirani. Alifikiria maneno mengi ya kumpa, na yote yalikuwa mazuri, na hakuna hata moja lililokuwa kweli. Akainuka kutoka kwenye kiti, akakaa chini kwenye ngazi ili uso wake uwe sawa na wa mtoto.

"Hayatakuja, Ndeshi."

"Hata nikiwa mkubwa?"

"Hata ukiwa mkubwa. Yalikuwa ya kinywa kimoja. Yameota kwa mama yako." Akamshika mkono. "Mimi ndiye niliyesaini. Na nilikuwa nimechelewa, ndiyo maana hakukuwa na ya pili. Ukitaka kumkasirikia mtu, nikasirikie mimi."

Ndeshi hakumkasirikia. Alipitisha ulimi kwenye ufizi, mbele, kisha pembeni, kama anayekagua chumba kilichohamwa. Mwalimu alingojea machozi na akawa tayari kuyapokea, lakini hayakuja.

"Mama anajua?"

"Anajua."

"Anajua kwamba mimi najua?"

"Bado."

"Basi usimwambie," alisema Ndeshi. "Hatafungua mdomo tena."

Waliitwa mezani. Elinipa alikuwa amekaa nao siku hiyo, kwa mara ya kwanza, bila leso, na alikuwa amemwandalia Ndeshi sahani yake ya ndizi zilizopondwa laini. Alikuwa katika furaha ndogo ya tahadhari, kama mgonjwa aliyejaribu kusimama. Alimwambia mwanawe ale sana, maana meno yake yakija watakwenda pamoja Usa kununua mahindi ya kuchoma, kila mtu na gunzi lake.

"Ndiyo, Mama," alisema Ndeshi.

Elinipa alitabasamu, akatazama upande wa baba yake kama anayeomba asisahihishe. Mwalimu Anaeli Kaaya aliinamisha kichwa juu ya sahani yake, akashika kijiko, akala.